Kuhama Dar kwenda Mwanza na familia: hatua kwa hatua

Kila ikikaribia Juni na Desemba, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Lori ni shilingi ngapi? Nipange maeneo gani? Friji nije nayo au niuze? Mtoto atapata shule katikati ya mwaka? Nimeyajibu kwa ndugu, kwa marafiki na kwa watu niliopewa namba zao tu, na sasa naona ni heri niyaandike yote mahali pamoja. Nimehama mwenyewe njia hii, nikakosea mengi, na tangu hapo nimewapokea wengi.

Naandika kwa anayetoka Dar es Salaam kuja Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Anayehamia Bukoba, Musoma au Geita atakuta mengi yanamhusu pia.

Jambo moja ulishike tangu sasa: wewe unatangulia, mzigo unafuata. Karibu kila balaa nililolisikia lilianza kwa mtu kupakia lori kabla hajaikanyaga nyumba anayohamia.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Miezi miwili mikononi. Mmoja unawezekana, ila utalipa kila kitu kwa bei ya haraka.
- Mtu mmoja unayemwamini Mwanza: ndugu, mfanyakazi mwenzio, hata mtu wa kanisani au msikitini kwenu. Kazi yake si kukutafutia nyumba, ni kukusindikiza ukifika.
- Vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi za kliniki za watoto, kadi za bima, mikataba. Vyote kwenye mkoba mmoja usioingia kwenye lori.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakotoka.
- Daftari. Usitegemee kichwa wala simu ambayo itazima chaji Singida.
- Viroba vya salfeti, maboksi magumu, solotepu pana, maka peni, kamba za katani, na nailoni ya kufunikia magodoro.

1. Hesabu mwezi wa kwanza kabla ya lori

Watu wanaulizia bei ya gari, wakiipata wanadhani wameshajua gharama ya kuhama. Gari ni sehemu tu. Chukua daftari uandike: kodi, dalali, gari, makuli wa kupakia na wa kushusha, nauli ya familia, nauli yako ya kwenda na kurudi kuangalia nyumba, chakula cha njiani, fundi umeme, fundi bomba, mapazia (madirisha hayatalingana na ya zamani, amini), sare za shule, na chakula cha nyumbani kwa siku thelathini.

Kodi ndiyo inayoumiza. Wenye nyumba wengi wanataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Dalali naye kwa kawaida anachukua kodi ya mwezi mmoja. Nyumba ya 150,000 kwa mwezi ikidaiwa miezi sita ni 900,000, na dalali 150,000, jumla 1,050,000 kabla hujanunua hata balbu. Jumlisha yote, kisha ongeza akiba ya kula mwezi wa pili. Kama akiba hiyo haipo, sogeza tarehe. Naisema hivi kwa sababu nimeona familia inafika na vyombo vizuri, kisha wiki ya tatu inauza televisheni ili ile.

2. Chagua tarehe ukiwa umetazama shule na mvua

Ukiwa na watoto, hama likizo ya Desemba, au ile ya katikati ya mwaka. Mtoto aliye darasa la mtihani wa taifa mwangalie kwa makini zaidi: akishasajiliwa kufanya mtihani katika shule yake, uhamisho huwa mgumu, na wazazi wengi humwacha amalizie kwa shangazi au bibi. Hama mapema au subiri amalize.

Masika, Machi mpaka Mei, ikwepe ukiweza. Godoro lililoloa Dodoma litafika Mwanza linanuka.

3. Nenda ukaione nyumba kwa macho yako

Hapa sitaki tupite haraka.

Mimi nilipangiwa kwa picha za simu. Nyumba ilikuwa nzuri kweli: vigae, dari safi, dirisha linalotazama ziwa. Ambacho picha hazikuonyesha ni kwamba iko juu mlimani katikati ya mawe, na barabara inaishia chini. Fuso lilifika saa mbili usiku. Utingo akashuka, akamulika tochi juu, akageuka akaniambia, "Mama, sisi tunaishia hapa." Tuliita makuli wanne. Walibeba mpaka saa saba usiku, kiroba kimoja kimoja, kwenye njia ambayo mtu na mtu hawapishani. Kabati langu la mninga halikupita kati ya mawe mawili. Lililala nje siku tatu mpaka fundi alipokuja kulifungua vipande, na mlango wake mmoja hadi leo haufungi sawasawa.

Mwanza ni mji wa mawe na vilima. Kwa hiyo njoo hata kwa siku tatu, fikia kwa mtu wako au gesti, uzunguke. Ramani ya kichwani ni rahisi, kwani barabara kuu kutoka katikati ya mji ni tatu. Kenyatta inaelekea Shinyanga: Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa. Nyerere inaelekea Musoma: Mabatini, Nyakato, Igoma, na mbele kabisa Kisesa, ambayo tayari ni Magu. Makongoro inaelekea uwanja wa ndege: Kirumba, Kitangiri, Pasiansi, na ukikunja kwa ndani unaenda Kiseke na Buswelu. Jua kwanza kazi yako au biashara yako iko barabara ipi, kisha tafuta nyumba kwenye barabara hiyohiyo. Anayekaa Buhongwa na kufanya kazi Igoma anavuka mji mzima mara mbili kwa siku.

Ukiwa mbele ya nyumba, uliza na ukague haya:

- Gari linafika wapi? Si bajaji, lori. Na mvua ikinyesha?
- Maji ya bomba ya MWAUWASA yanatoka siku zipi na saa ngapi? Fungua koki mwenyewe. Muulize jirani pia, kwa sababu mwenye nyumba atakwambia yanatoka kila siku. Kwenye vilima uliza kama kuna tenki, maana pasipo na presha utanunua maji ya ndoo.
- LUKU ni ya peke yako au ya kuchangia? Ya kuchangia huleta ugomvi kila mwezi. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, hivyo mkubaliane mapema ni nani anayeibeba.
- Choo kikijaa, gari la maji taka linafika?
- Bonde lipo karibu? Maeneo yanayopakana na mto Mirongo hujaa maji mvua kubwa ikishuka. Tazama kuta za majirani: mstari wa tope haujifichi.

Nenda mara mbili, mchana na saa moja usiku. Usiku ndipo utajua kama kuna baa ya muziki nyuma ya ukuta, na kama njia ya kutoka kituoni ina taa.

Kulipa, lipa kwa mwenye nyumba, si kwa dalali, na mkataba upitie ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anawajua wenye nyumba wake. Ukimwonyesha jina lililo kwenye mkataba akakunja uso, simama hapohapo. Ule ujumbe wa "ile hela ya kodi tuma kwenye namba hii" sote tumeupata, na anayehama ndiye windo rahisi kuliko wote kwa sababu kweli anadaiwa kodi na mtu asiyemzoea. Namba ya mwenye nyumba ichukue ana kwa ana. Ikibadilika, piga ile ya zamani kwanza.

4. Chuja vyombo

Kila kitu kinacholala kwenye lori kinalipiwa. Kwa kila chombo kikubwa jiulize: kukisafirisha na kukinunua kingine kule, kipi ghali? Kitanda cha mbao laini, meza ya plastiki, kabati la mbao za kubandika lililoshachoka: uza Dar. Kabati la aina hiyo likifunguliwa na kufungwa tena skrubu hazishiki.

Kiyoyozi uza pia. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na usiku wake si wa Dar, feni moja inatosha. Badala yake beba mablanketi na masweta ya watoto, na usiache chandarua hata kimoja. Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi kuliko Dar.

Mtungi wa gesi usiupandishe kwenye gari ukiwa na gesi. Uza au gawa, ununue mwingine ukifika. Pikipiki na jenereta zimwagwe mafuta yote.

Friji, mashine ya kufulia, cherehani, godoro zuri na vitabu vya watoto njoo navyo.

5. Tafuta gari

Una njia tatu. Ya kwanza ni kukodi Fuso au Kenta zima. Ni ghali, ila mzigo wako uko peke yake na unafika moja kwa moja. Ya pili ni kuchangia lori na wengine: unalipia nafasi unayochukua tu, lakini unangoja gari lijae. Ya tatu, ambayo mimi naipenda, ni gari linalorudi. Malori yanayoleta mchele, dengu na choroko Dar kutoka kanda ya ziwa hutafuta mzigo wa kurudi nao. Zunguka masoko ya nafaka kama Tandale, ongea na madereva wenyewe, na bei itashuka. Mwenye vitu vichache, viroba vitano na godoro, aulizie mizigo ya mabasi. Hahitaji lori.

Ulizia bei kwa watu watatu kabla hujakubali. Kisha, kabla ya kutoa hata shilingi:

- Piga picha namba za gari mbele na nyuma, leseni ya dereva na kitambulisho chake.
- Zungumza na mwenye gari, si dereva peke yake.
- Andikeni makubaliano: bei, tarehe ya kuondoka, tarehe ya kufika, na mahali hasa pa kushushia. Andika jina la mtaa. Ukiandika "Mwanza" tu, atakushushia stendi akudai nyongeza.
- Bei inajumuisha makuli? Turubai? Ushuru wa njiani? Yaandikwe.
- Lipa nusu wakati wa kupakia na nusu mzigo ukishashuka wote. Anayetaka yote mbele, mwache.

Jihadhari na bei iliyo chini kupita zote. Mara nyingi maana yake ni gari litakalojazwa kupita kiasi, na likifika mizani ya Vigwaza mzigo utashushwa, na vitu vyako vitalala kando ya barabara mkingoja gari la pili.

6. Maliza karatasi ukiwa bado Dar

Shule: anza kwa kupata nafasi shule ya Mwanza ile siku uliyokwenda kuona nyumba. Ukishakubaliwa, ndipo mwalimu mkuu wa Dar aanzishe uhamisho kwenye PReM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi. Ondoka na namba ya PReM ya mtoto umeiandika. Wazazi huja na ripoti na barua pekee, kisha mtoto anakaa darasani miezi miwili jina lake likiwa bado Dar.

Afya: kadi ya kliniki ya mtoto na ya mjamzito isipotee, ndiyo inayomwonyesha muuguzi mpya chanjo zilizokwisha. Mwenye dawa za kila siku, iwe presha, sukari au nyingine, aje na dawa za mwezi mzima. Aliye kwenye dawa za VVU aombe barua ya uhamisho mapema kwenye CTC yake, yaani kliniki anakochukulia dawa. Atapokewa kituo chochote chenye kliniki hiyo na dozi haitakatika. Usione aibu kuiomba, wauguzi wanaiandika kila siku.

Biashara: leseni ya duka la kawaida ni ya halmashauri, hivyo ya Dar haikufuati. Na Mwanza mjini kuna halmashauri mbili, Jiji la Mwanza upande wa Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela. Ujue fremu yako iko upande upi. Ukifunga duka Dar, toa taarifa TRA. Usipotoa, makadirio yataendelea kujiandika wakati wewe uko Nyakato huna habari.

Nyumba unayoiacha: toa notisi kama mkataba unavyosema, lipa maji, na mwezi wa mwisho usinunue umeme mwingi. Yuniti za LUKU ni za mita ile, hazihami na wewe.

7. Fungasha kwa chumba

Anza na visivyotumika wiki mbili kabla: vyombo vya wageni, nguo za baridi, vitabu. Vitabu viingie maboksi madogo, kubwa likijaa hakuna atakayelinyanyua. Sahani zisimame wima kwa ubavu, kila moja na gazeti lake, na vitenge na mashuka yajaze mianya. Kila boksi liandikwe ubavuni chumba linakokwenda, lipewe namba, na namba hiyo uiandike daftarini pamoja na vilivyomo. Skrubu za kitanda zitie kwenye mfuko na uufunge kwenye ubao wa kitanda hichohicho.

Friji lizime siku moja kabla, liyeyuke, likaushwe, mlango ufungwe kwa kamba.

Mwishoni funga begi la siku tatu: nguo, sabuni, sufuria moja, jiko dogo, vikombe, shuka, chandarua, dawa, chaja, tochi. Hili linasafiri na wewe.

8. Siku ya kupakia

Pakia asubuhi, kwenye mwanga. Vizito na friji viende mbele karibu na kibini, friji likiwa limesimama, magodoro yawe ngao kati ya fanicha. Simama na daftari mlangoni mwa gari uhesabu kila kinachopanda. Hakikisha turubai linafunika mpaka pembeni na halina matundu: lishike juani ulitazame. Piga picha mzigo ulivyokaa kabla ya kufunikwa.

Fedha, dhahabu, kompyuta na ule mkoba wa vyeti havipandi. Na usimwache kijana wa nyumbani asafiri juu ya mzigo kuulinda. Ni hatari ya maisha, hata akikwambia hana neno.

9. Safari na kushusha

Familia ipande basi alfajiri kwenye stendi ya Mbezi Luis, au ndege kama mfuko unaruhusu. Kwa basi mtapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga, na mtakaa kwenye kiti kutwa nzima na sehemu ya usiku. Mjamzito na mzee wapumzike Dodoma au Singida usiku mmoja. Mpigie dereva wa lori asubuhi na jioni, umuulize yuko wapi, basi.

Mfike kabla ya lori. Fagia nyumba, jaribu umeme na maji, patana na makuli wa mtaani bei ya kazi nzima mbele ya mtu wako wa Mwanza. Mzigo ukishuka, hesabu kwa daftari. Ndipo umalizie ile nusu. Friji lisimame saa kadhaa bila umeme, na kama lililazwa njiani, liache mpaka kesho yake.

10. Wiki ya kwanza

Siku ya kwanza au ya pili nenda kwa mjumbe na ofisi ya mtaa na ile barua yako, ujiandikishe. Siyo karatasi tu: mtoto akiugua usiku au mwizi akija, hao ndio watakaojua wewe ni nani. Salimia majirani nyumba kwa nyumba. Ukimwamkia bibi wa Kisukuma "mwangaluka" asubuhi, utaona anavyotabasamu.

Sato na dagaa kanunue Mwaloni Kirumba mapema asubuhi. Watoto watataka kuogelea ziwani siku ya kwanza kabisa. Wakatazeni kuoga pembeni kwenye majani na maji yaliyotulia, kuna kichocho, na mwanzoni hakionekani.

Mambo yakienda kombo

*Lori limechelewa siku mbili na dereva hapokei.* Mpigie mwenye gari, umtumie picha ya makubaliano. Hapokei pia? Nenda polisi na picha za namba za gari na leseni. Ndiyo sababu ya zile picha.

*Umefika, nyumba ina mpangaji mwingine.* Usishushe mzigo barabarani ukibishana. Mwombe mwenyekiti wa mtaa awaite wote, na wakati huohuo tafuta stoo au fremu tupu ya kukodi kwa wiki moja. Vitu vikiwa salama utadai haki yako bila papara.

*Kitu kimevunjika.* Piga picha kikiwa bado kwenye gari, mbele ya dereva, mkate gharama yake kwenye ile nusu iliyobaki hapohapo. Akishaondoka, imekwisha.

*Dereva anadai nyongeza kabla ya kushusha.* Mwonyeshe karatasi. Kama kweli gari limeshindwa kufika kwa sababu ya barabara ambayo hukumwambia, kosa ni lako, lipa makuli.

*Mtoto amegoma shule, analia kurudi Dar.* Wa kwangu alilia wiki tano. Kilichomsaidia ni mtoto wa jirani wa darasa lake, waliyekuwa wakienda pamoja asubuhi. Mtafutie mmoja wa namna hiyo kabla shule haijafunguliwa, na Jumapili jioni mpigie bibi yake simu ya picha, amwone.